Kidude cha Kibodi ya Mama

Kina ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja ni bati la kuchomekea, upande mwingine ni plastiki nyeusi yenye alama za meno, na meno hayo ni yangu. Kimekaa miaka mingi ndani ya kikopo cha mafuta ya kujipaka, pamoja na vifungo vya shati na sarafu ambazo siku hizi hata kondakta hazitaki. Nimehama nacho kila nyumba niliyopanga, Umoja, Kayole, kisha Umoja tena, na sijawahi kukichomeka popote.

Wiki jana Baba alinipigia simu. "Nafu, kuja uchukue vitu zako. Wametupea mpaka mwisho wa mwezi, halafu wanabomoa." Akakata. Baba hajawahi kuwa mtu wa maneno mengi kwenye simu. Nilikaa kitandani, nikafungua kikopo, nikakinusa kile kidude. Hakinuki kitu tena. Lakini ulimi wangu uliikumbuka ladha yake kabla mimi sijakumbuka lolote, ladha ya bati na chumvi, nikajua nitakwenda nacho.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na jiko la kugeukia mara moja tu. Baba alikuwa karani wa mafaili katika ofisi moja mjini. Mama alichapa. Mlangoni alibandika karatasi iliyosema anachapa barua, maombi ya kazi na programu za mazishi, na hizo za mwisho ndizo zilizotulisha. Majirani zetu wengi walikuwa watu wa magharibi mwa Kenya kama sisi, na mtu wa kwetu akifa Nairobi hazikwi Nairobi. Kwanza kamati inakutana kila jioni nyumbani kwa marehemu, basi linatafutwa, picha nzuri inatafutwa, kisha maisha yake yanaandikwa kwenye karatasi yaje yasomwe kijijini, mbele ya kaburi, kwa watu waliokaa juani tangu asubuhi. Karatasi hiyo ilitoka kwa Mama.

Alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja hata mteja akiwa na haraka ya namna gani. Kila marehemu alianziwa ukurasa mpya, mtupu. Wachapaji wengine huchukua kazi ya juzi wakabadilisha majina na tarehe, kazi ikaisha mara moja. Mama hakutaka kusikia habari hiyo. "Huwezi andika mtu juu ya mtu," aliniambia. "Lazima utaacha kitu ya mwenyewe ndani."

Kompyuta yake ilikuwa kuukuu hata kwa siku zile. Monita ilikuwa na mgongo mkubwa, na lile sanduku chini ya meza lilinguruma na kutoa harufu ya vumbi lililopata moto. Siku moja stima zilipotea, zikarudi kwa nguvu, na tundu la duara la kuchomekea kibodi likaungua. Mama akaenda Eastleigh, akapatana bei na muuzaji hadi muuzaji akachoka, akarudi na kibodi isiyo na waya na kipanya chake. Muuzaji alikuwa amemwambia ataweza kuchapa hata akiwa jikoni. Hakumwambia kwamba mashine kuukuu na vitu vipya havielewani hivihivi.

Kulikuwa na utaratibu. Kwanza kidude kinaingia nyuma ya mashine, tundu la chini, kwa sababu la juu lilikuwa limekufa. Ndipo unawasha. Unangoja mashine imalize kulalamika. Halafu unapindua kipanya, unasukuma swichi, unatazama taa nyekundu. Mwisho unabonyeza kitufe chini ya kibodi kwa ncha ya kalamu. Ukiruka hatua moja, unaanza upya. Kazi yangu ilikuwa kipanya.

"Imewaka?" Mama angeuliza.

"Imewaka."

"Haya karani wangu, tuingie job."

Tukimaliza angesema, "Zima, betri zisiishe," nami ningezima. Betri zenyewe zilikuwa za nyumba nzima. Zikitoka kwenye saa ya ukutani zinaingia redioni, zikitoka redioni zinaingia kwenye kibodi, na zile zilizochoka zinaanikwa dirishani zipate jua. Niliamini kwa dhati kwamba jua ndilo lililoingia ndani yake na kutoka upande wa pili likiwa herufi. Kuhusu kidude, Mama alinieleza mara moja tu: "Hii ndiyo inasikia. Bila hii, kibodi inaongea peke yake."

Asubuhi aliyokwenda hospitali kwa operesheni aliyoiita ndogo, alikichomoa, akakiweka kiganjani mwangu, akanikunja vidole kimoja kimoja.

"Kaa nayo mpaka nirudi. Usipee mtu. Hata baba yako usimpee, huyo hata kichwa angekuwa amepoteza kama haijashikwa na shingo."

"Nasikia," akasema Baba kutoka mlangoni, akiwa amebeba mkoba wake. Alikuwa akicheka. Ni kweli alipoteza funguo, miavuli, na kitambulisho mara mbili. Mama alitoka na sweta yake ya kahawia, akaniambia ni siku mbili tu. Mimi nilielewa kwamba tumepatana, mimi nikae na kidude, yeye arudi.

Hakurudi. Senge, yaani shangazi yangu, dada yake Baba, ndiye aliyenikalisha kitandani akaniambia. Sikumbuki maneno. Nakumbuka alikuwa ananukia vitunguu, na kwamba nilitaka amalize ili niende nje. Baada ya hapo makochi yetu yalitolewa, yakaingizwa mabenchi ya kanisa, na meza ya kompyuta ikasukumwa hadi chumba cha kulala, kati ya kitanda na kabati. Watu waliingia, wakaimba, wakatoka. Mtu mmoja wa kwaya alijaribu kupiga nyimbo za maombolezo kutoka kwenye flashi yake. Aliichomeka nyuma ya mashine, katika lile tundu la chini, nyimbo hazikulia, akaenda zake akaisahau hapo hapo. Ilikuwa flashi ndogo, nyeusi, yenye kamba nyekundu.

Sikulia. Wanawake walinitazama wakanong'onezana, "Huyu mtoto mbona halii?" Sikuwa najizuia. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi. Unajua ni wako, unaubonyeza, hausemi kitu. Nilikula nilipopewa chakula, nikalala nilipoambiwa nilale. Kidude kilikuwa mfukoni mwa sketi, na Senge alipoanza kukusanya nguo za kufua na kupekua mifuko, nilikihamishia mdomoni, kati ya shavu na meno. Hapo ndipo nilipoacha kuongea kabisa, na watu wakasema uchungu umenifunga kinywa.

Aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ni Mzee Opiyo, jirani yetu wa mlango wa tatu, mtu wa reli, mwenye daftari na sauti ya kutangaza treni. Kila jioni alimuuliza Baba swali lile lile.

"Karani, historia ya marehemu iko wapi?"

"Iko kichwani," Baba alijibu kila jioni. "Nitaandika moja kwa moja kwa mashine."

Basi lilikuwa liondoke siku ya Alhamisi. Jumatano mchana Mzee Opiyo hakuuliza tena. Alikuja na kiti chake, akakaa chumbani kando ya meza. Senge alisema kazi hiyo apelekewe mchapaji wa pale steji ya matatu, kisha mwenyewe akajipinga kabla mtu hajamjibu. "Hapana. Amechapia watu wa estate hii yote, halafu yeye achapwe na mtu wa barabarani? Hapana. Ni kwa mashine yake." Basi Baba akakaa kwenye kiti cha Mama, akawasha. Mimi nilisimama mlangoni na kidude shavuni.

Alibonyeza kibodi. Hakuna kitu. Alisukuma kipanya. Ule mshale ulibaki katikati ya skrini.

"Betri," akasema Mzee Opiyo.

Baba akazitoa. Mzee Opiyo akaziuma moja moja kwa magego, akazirudisha. Hakuna kitu. Baba akapanda kitini akatoa betri za saa ya ukutani, na wageni walioingia baadaye waliona saa imesimama wakatikisa vichwa kwa heshima, wakidhani tumeisimamisha kwa ajili ya Mama. Hizo pia hazikusaidia. Senge akapindua kipanya. "Si taa inawaka? Basi betri si shida." Baba akabonyeza kitufe cha chini kwa ncha ya kalamu. Akazima mashine, akawasha, tukangoja imalize kunguruma, akabonyeza tena. Mzee Opiyo akaenda kwake akarudi na kibodi ya waya, yenye kichwa cha duara. Baba akaitazama, akamwambia tundu la hiyo liliungua zamani.

Senge ndiye aliyepiga magoti nyuma ya mashine na tochi ya simu. "Lakini si kulikuwa na kakitu ka kuchomeka? Ni haka?"

Baba akainama. Alitazama kwa muda mrefu. Kamba nyekundu ilikuwa inaning'inia pale, hata mimi niliiona kutoka mlangoni.

"Ndio hako," akasema.

Nilishtuka. Baba alikuwa mtu wa ofisi, aliyejua kila faili lilipo, aliyenifundisha kusoma kabla sijaingia shule, na sasa alikuwa ameitazama flashi ya mtu wa kwaya akaita kidude. Niliona aibu kwa niaba yake. Aliinua kichwa, akaniona.

"Nafu, njoo ukae hapa karibu na mimi."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Kila baada ya dakika chache alinigeukia, akatazama uso wangu, akarudi kwenye mashine. Nilidhani ananiomba msaada. Nilijua hatua zote, na yeye alijua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikifanya na Mama. Ningeweza kufungua mdomo tu. Lakini nilikuwa nimekaa kando ya meza ile miaka yangu yote, nikiona watu wakiletwa wakiwa jina na picha, wakichapwa, wakipelekwa nyumbani kwa basi, na hata mmoja aliyechapwa na Mama hakurudi. Wagonjwa walirudi, waliosafiri walirudi. Waliochapwa, hapana. Kwa hiyo Mama asipochapwa bado tungekuwa na nafasi. Nilikuwa nimeshika upande wangu wa mapatano, na sikuona kwa nini niuachilie kwa sababu watu wazima wana haraka.

"Karani," akasema Mzee Opiyo mwishowe, kwa upole ambao sikujua anao, "hii mashine imekataa. Chukua kalamu, andika na mkono."

"Ngoja kwanza betri zipate jua kidogo," akasema Baba, akaziweka dirishani.

Jua lilikuwa limeshaenda nyuma ya nyumba za mkabala. Dirisha lilikuwa kivuli kitupu. Mzee Opiyo alitazama dirisha, akamtazama Baba, akafunga daftari lake. Nami nikawaza, hata hili Baba halijui.

Senge akachana karatasi katikati ya daftari langu la hesabu, akaandika alichokijua kuhusu wifi yake, akaenda nayo steji. Alirudi na bunda la programu zenye maua pembeni na picha ya Mama iliyovutwa upana. Hakuna aliyezisoma vizuri, kila mtu alikuwa anafunga mizigo. Zilisomwa kijijini, na binamu wa Baba mwenye sauti nzuri. Alipofika mwishoni akasema, "Ameacha mume na watoto wanne."

Watu walinong'ona. Binamu akasita, akaangalia karatasi, akaendelea kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Mchapaji alikuwa amechukua kazi ya mtu mwingine akabadilisha majina, na watoto wa yule mwingine wakabaki ndani. Senge akajifunika uso kwa leso. Mimi nilikuwa peke yangu kwenye benchi la mbele, na nilitazama kulia na kushoto nikiwatafuta hao watatu. Kisha nikaelewa. Mama alikuwa ameandikwa juu ya mtu, kitu alichokichukia kuliko vyote, na aliyesababisha ni mimi, na isitoshe kaburi lilikuwa pale pale wazi. Hata hapo sikulia. Nilikibana kidude kwa magego mpaka kikalia, na alama ndizo hizi.

Miaka iliyofuata tuliishi vizuri, kama watu wapole wanaoishi nyumba moja. Mashine ilichukuliwa na mnunuzi wa vyuma. Baba alipika ugali, alilipa karo, alinisindikiza shule ya bweni na kunichukua. Lakini niliacha kumuuliza mambo. Nikiwa na hesabu ngumu nilikwenda kwa Mzee Opiyo. Nikiwa na swali la maisha nilikaa nalo. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshamwandika Baba kama mtu asiyejua, anayeanika betri kivulini, na juu ya hayo nilikuwa na kosa langu la kuficha. Mtu mwenye siri kama hiyo hawezi kumsogelea mwenzake. Si kwamba nilimpenda kidogo, ila nilimpenda kwa mbali, na naona sasa kwamba hilo lilimuumiza.

Jumamosi nilikwenda. Kuta za nyumba zote zimepigwa alama ya rangi nyekundu. Baba amestaafu, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Tulifunga masufuria, tukafunga vitabu vyangu vya shule. Mwisho akapanda kiti, akashusha kutoka juu ya kabati kitu kilichofungwa kwa leso. Ilikuwa kibodi, na kipanya chake juu.

"Na hii? Tutupe?"

"Ngoja," nikasema.

Niliweka laptopu yangu juu ya katoni. Nikatoa kikopo kwenye mkoba. Baba alivuta kiti hadi ukutani, akatoa betri za saa, akaniletea. Nilichomeka kidude bila kumtazama. Nikapindua kipanya, nikasukuma swichi.

"Imewaka?" akauliza.

"Imewaka."

Nilisukuma kipanya, na mshale kwenye skrini ukaenda nacho. Sikuwa nimetarajia. Nilingoja aniulize kidude nimekitoa wapi. Hakuuliza, na kimya kile kikanishinda.

"Baba, nilikuwa nayo. Ile siku."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Ile siku. Ulikuwa umeiweka kwa shavu. Mimi shida yangu ilikuwa usije ukameza."

"Lakini ulimwambia Senge ndio hiyo."

"Hiyo ilikuwa flashi ya mtu wa kwaya. Ilikuwa na kamba nyekundu." Alikuwa anapangusa kibodi kwa kiganja, mstari kwa mstari. "Nafu, mimi nimeshika mafaili ya watu maisha yangu yote. Kitu isiyo yake mahali pake naijua."

"Sasa kwa nini?"

"Niliwaambia iko kichwani. Hakukuwa na kitu kichwani. Ningekaa pale, Opiyo anaangalia vidole zangu, niandike marehemu, halafu jina yake? Nilikuona na hiyo kitu kwa mdomo, nikasema asante Mungu. Nikasema wacha mtoto ashikilie." Akapuliza vumbi kati ya herufi. "Ile ya watoto wanne ndiyo imenisumbua. Hiyo ni yangu, si yako."

Niliona haya, haya ya miaka yote kwa mara moja. Nilitaka kumwambia habari ya hesabu nilizopeleka kwa Mzee Opiyo, na sikuweza. Nilifungua ukurasa mpya, mtupu, nikamsogezea kibodi.

Aliandika kwa vidole viwili, polepole, akitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta funguo zake. Nilisimama nyuma yake nikasoma. *Ameacha mume na mtoto mmoja.* Alihangaika kidogo kutafuta nukta, akaipata. Alitazama sentensi hiyo kwa muda, kisha akaondoa mikono.

"Haya," akasema. "Zima, betri zisiishe."

Nikahifadhi ukurasa. Nikapindua kipanya, nikazima. Nikachomoa kidude, na badala ya kukirudisha kwenye kikopo nikamwekea Baba kiganjani, nikamkunja vidole. Alikitia mfuko wa shati, akafunga kifungo, kisha akapapasa mfuko kwa nje kuona kama bado kipo.